Haoni, Hatembei

Machi 4, Jumatatu

Mvua imeanza leo na fomu mpya imeanza leo, na sijui kati ya hizo mbili ipi itanikondesha zaidi.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la rangi. Tuko manesi watano, na kazi yetu ni kuwazungukia majumbani wagonjwa wasioweza kufika hospitali. Mpaka wiki iliyopita tulikuwa na fomu za karatasi. Unamkagua mgonjwa, unaweka tiki, unajumlisha alama kwa kalamu, na ile jumla ndiyo inayoamua utamwendea mara ngapi. Akipata kumi na mbili kwenda juu, mara tatu kwa wiki. Akipata sita mpaka kumi na moja, mara moja. Chini ya hapo anapigiwa simu, anaulizwa hali, basi.

Sasa karatasi zimestaafishwa. Kila nesi kapewa kishikwambi, na ndani yake mna fomu ya PDF ya kujaza. Unagusa kisanduku, tiki inatokea. Kila kisanduku kimefichiwa alama zake ndani, na jumla inajihesabu yenyewe chini kabisa ya ukurasa wa pili. Huwezi kuibadilisha hata ukiibonyeza mpaka ukucha ung'oke.

"Wanangu, hamtajumlisha tena," alisema Mama Mratibu. "Mashine haichoki wala haikosei."

Tulimpigia makofi. Nampenda sana huyu mama. Mwanangu alipolazwa, alikuja kukaa nami kwenye benchi la wodini kutwa nzima, hakusema neno la kujionyesha. Bosi wa namna hiyo humpati kila siku.

Aliyeitengeneza fomu ni yule bwana mwenye kipara anayekaa chumba cha pili na kompyuta zake. Tunamwita Kimya. Salamu yake ni kutikisa kichwa, kwaheri yake vilevile.

Machi 6, Jumatano

Nimewajaza nusu ya wagonjwa wangu. Mvua kutwa. Mume wangu ni fundi wa mafriji, kwa hiyo kila chombo anakitazama kama kimeharibika. Alikishika kishikwambi, akakigeuza, akasema, "Hiki nacho kitakuja kugandisha watu." Nilicheka.

Machi 8, Ijumaa

Sicheki tena.

Ratiba mpya zimetoka na Fundi Cherehani kapangiwa mara moja kwa wiki. Mara moja! Huyu mama alikuwa fundi wa nguo, jina hilo kapewa na mtaa mzima. Sukari ilimla mguu wa kushoto miaka mitatu iliyopita, ikarudi kuchukua macho. Mguu wa kulia uliobaki una kidonda kisiginoni, hawezi kuukanyagia. Anadungwa sindano kila siku. Anaishi na binti yake, na binti anafua mashuka kwenye dobi kubwa ng'ambo ya mto, anatoka alfajiri anarudi jioni.

Kwenye karatasi ya zamani alikuwa na kumi na nne. Nilimjumlisha mwenyewe kwa mkono wangu: haoni nne, hatembei tano, kidonda tatu, sindano mbili. Sasa ana kumi. Alama nne zimekwenda wapi? Hazikuota mabawa.

Machi 11, Jumatatu

Nimemvaa Kimya.

Nilimkuta anakula karanga mbele ya kompyuta. Nikamwekea kishikwambi mezani, nikamwambia, "Mgonjwa wangu ana kumi na nne. Fomu yako inasema kumi."

Alitazama, akatazama mlango, akasema, "Hesabu iko sawa."

"Sawa vipi? Nne, tano, tatu, mbili. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Muulize mratibu."

"Nakuuliza wewe uliyeitengeneza!"

"Nimetengeneza nilichoambiwa," alisema, akarudi kwenye karanga zake.

Karanga! Mtu anacheza na mguu wa mwenzake huku anabandua maganda. Nilitoka nikaufunga mlango kwa kishindo mpaka wauza rangi chini wakapiga dari kwa fimbo ya ufagio. Mama Mratibu aliposikia alinishika bega, akasema atalifuatilia, nisijiumize moyo. Angalau ofisi hii ina mtu mmoja mwenye utu.

Machi 12, Jumanne

Kwa Fundi Cherehani. Kidonda hakijaharibika. Nilimweleza kuhusu ratiba, na nilijikaza nisilie mbele yake, ingawa haoni.

"Mara moja?" alisema. "Kwani nimepona na hamkuniambia?"

"Ni fomu, mama. Kuna kosa, linashughulikiwa."

"Nesi, mimi nimeshona miaka arobaini. Nguo ikimbana mteja, sijawahi kumwambia kosa ni la sindano."

Anapenda kunichoma, huyu. Binti aliacha maji yaliyochemshwa na bendeji zilizokunjwa vizuri mno. Nimemwandikia namna ya kukisafisha, hatua kwa hatua. Atakuwa anakisafisha usiku, baada ya kutwa ya kufua, kwa mikono iliyojaa sabuni ya watu wengine.

Machi 15

Mvua.

Machi 22, Ijumaa

Nimeiba muda. Nilimaliza wagonjwa wangu mbio, nikapita kwa Fundi Cherehani nje ya ratiba, nikamfunga kidonda. Kisigino kimelowa kidogo kwa chini. Nyumba yao iko bondeni na sakafu inavuja unyevu kama ngozi inayotoa jasho. Nilimwambia asiushushe mguu. "Niupeleke wapi," alisema, "dansini?"

Machi 25, Jumatatu

Kishikwambi kinasema kila mahali ninapokwenda, kumbe. Mama Mratibu aliniita, akafunga mlango taratibu.

"Ijumaa ulikuwa bondeni."

"Nilikuwa bondeni, ndiyo."

"Mdogo wangu, najua moyo wako. Lakini ukimwendea huyo nje ya zamu, unamwibia mwingine. Fomu haina upendeleo. Ndiyo uzuri wake."

"Uliniambia utafuatilia zile alama."

"Nimefuatilia. Hesabu iko sawa."

Alisema maneno yaleyale ya Kimya, neno kwa neno. Nilimtetea moyoni njia nzima ya kurudi nyumbani. Nikajisemea, huyo Kimya kamdanganya mama wa watu, na mama wa watu hajui mambo ya kompyuta. Nilipofika nilimgombeza mume wangu kwa sababu ya spana aliyoiacha kwenye sinki.

"Leo nimeoa nyuki," alisema.

Machi 29

Mvua haijakata tangu Jumatano. Barabara ya mtoni imefungwa. Magari yanageuza.

Aprili 2, Jumanne

Nimeandika sentensi ya kwanza mara nne nikafuta.

Nilifika kwa Fundi Cherehani asubuhi. Mlango ulikuwa wazi na maji yalikuwa ndani, yamefika kwenye vifundo vyangu. Harufu nilianza kuisikia kabla sijaingia. Mimi ni nesi, harufu hiyo naijua.

Maji yaliingia Jumapili, binti akiwa kazini. Daraja lilifungwa, akalala kulekule kwenye dobi juu ya marundo ya mashuka, akipiga simu ambayo haikushikwa, maana simu ilikuwa imezama. Mama alijaribu kutoka kitandani ainusuru cherehani yake. Cherehani! Haoni, hashoni tena, lakini ilikuwa sakafuni na yeye aliyasikia maji yakiigonga. Akaanguka, akakaa kwenye maji mpaka jirani alipomsikia. Jirani alimnyanyua, akamlaza, akamfunika. Bendeji hakujua kuibadili. Binti alivuka Jumatatu jioni kwa kuzunguka mji mzima, akakisafisha kidonda kadiri alivyoweza kwa mwanga wa tochi. Leo kisigino kilikuwa cheusi.

Kama ningekuwa na zamu ya Jumatatu ningemkuta. Alama nne tu, zile zile, ndizo zilizokuwa zamu ya Jumatatu.

Nilimbeba na jirani mpaka kwenye gari. Njiani alinishika mkono, akasema, "Usivae uso huo."

"Huuoni uso wangu, mama."

"Nausikia."

Aprili 5, Ijumaa

Wamemkata chini ya goti. Ameamka. Ameuliza kama wameukata kwa mstari ulionyooka, kama kitambaa.

Aprili 6

Nimekaa jikoni nikipanga sentensi za kumwambia Kimya. Mbaya kuliko zote nimeiandika hapa, kisha nimeichora juu mpaka karatasi imetoboka.

Aprili 16, Jumanne

Nieleze taratibu.

Karudi nyumbani. Sakafu imekauka, binti kaweka matofali chini ya kitanda kukiinua. Sheria inasema anayetoka hospitali anakaguliwa upya, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti kando yake, nikafungua fomu, nikawa namsomea kwa sauti, maana alitaka kusikia.

"Ukurasa wa kwanza. Haoni."

"Weka," alisema.

Niliweka. Tiki ikatokea. Nikashuka ukurasa wa pili, huko ndiko kulikokaa mambo ya mwili.

"Hatembei."

"Weka mbili, kwa kila mguu moja."

Tulicheka, wote watatu, binti naye akiwa mlangoni. Nikaweka. Kidonda, ndiyo, ule mshono. Sindano, ndiyo. Nikatazama jumla. Kumi.

Kumi! Juzi alikuwa na mguu na alama kumi, leo hana mguu na alama kumi. Mguu wa pili hauna kisanduku, sawa, hilo nilijua. Lakini hata bila huo nilijua si kumi. Nikarudi ukurasa wa kwanza nihakikishe sikusahau kitu. Kisanduku cha Haoni kilikuwa kitupu.

Nilidhani ni kidole changu. Nikaweka tiki tena, nikaiona kwa macho yangu imekaa. Nikashuka. Hatembei sasa ilikuwa tupu, na jumla ilikuwa tisa. Nikaweka Hatembei, nikapanda. Haoni imefutika. Nikarudia, juu na chini, kama mtu anayefukuza kuku wawili kwenye banda lenye milango miwili. Ukimtia huyu, yule anatoka.

"Nini?" aliuliza Fundi Cherehani. "Umenyamaza."

Nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyoyaona, kwamba fomu hii inakubali asione au asitembee, lakini vyote viwili kwa pamoja inakataa. Kisha akauliza, "Nani kaishona hivyo?"

Mwezi mzima huu nimewajaza wagonjwa wangu wote kwenye fomu hii. Tiki moja iko ukurasa wa kwanza na nyingine wa pili, huwezi kuziona kwa pamoja. Sikuwahi kupanda juu kutazama. Nani angepanda?

Aprili 17, Jumatano

Safari hii sikumpigia Kimya kelele. Nilifunga mlango, nikaweka tiki mbele yake, nikashuka, nikaweka ya pili, nikapanda. Nikamwonyesha kisanduku cha kwanza, kitupu.

Alivua miwani. Nikajua alikuwa anajua.

"Kila kisanduku kina jina lake ndani," alisema. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani, sikuwahi kuisikia ikitoa sentensi mbili mfululizo. "Wewe unaona maandishi ya nje. Kompyuta inasoma jina la ndani. Ukivipa visanduku viwili jina moja, na kila kimoja thamani yake, inaona ni swali moja lenye majibu mawili. Ukichagua hili, linafuta lile. Na jumla inachukua lililobaki."

"Kwa hiyo ulikosea majina."

"Nilivipa majina mawili. Mwanzoni vilikuwa mbalimbali, na hesabu yake ilikuwa kumi na nne kama yako." Alifuta miwani kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Niliambiwa nivifanye kimoja. Nikasema mtu anaweza kuwa na yote mawili. Nikaambiwa nifanye."

"Na nani?"

Alitazama mlango tena. Ofisi ina bosi mmoja.

"Kwa nini hukuniambia nilipokuja mara ya kwanza?"

"Nina mkataba wa miezi sita na watoto wawili. Nilisema mara moja. Mara ya pili sikusema."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilimwambia, "Mara ya pili ilikuwa mguu wa mtu." Aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza mtikisiko ule wa kichwa ulikuwa jibu.

Aprili 18, Alhamisi

Kwa Mama Mratibu.

"Kaa, mdogo wangu."

"Nimesimama vizuri."

"Nikumiminie chai?"

"Nataka kujua kwa nini kipofu asiye na miguu anatakiwa achague moja."

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, nilikuwa na maneno yangu mdomoni kama misumari. Hakukana. Aliweka birika chini.

"Mwaka jana mlikuwa wanane," alisema. "Sasa watano. Nimeomba manesi mpaka wananikimbia nikipita kwenye korido zao. Waliofika kumi na mbili walikuwa wengi kuliko mnavyoweza kuwazungukia, hata mkikimbia. Ningefanyaje? Mtu haoni, mtu hatembei, mwisho wa yote mawili ni mmoja, hatoki nje. Nikasema tatizo moja lihesabiwe mara moja."

"Na hukutuambia."

"Ningewaambia, mngekubali?"

"Hapana!"

"Unaona."

"Ndiyo ukalificha ndani ya kioo, ukatuambia mashine haikosei."

"Mashine haikukosea," alisema polepole.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Nilimwambia kwamba mgonjwa wangu kakatwa mguu. Akasema anajua, na kwamba kalilia jambo hilo.

"Umelilia wapi, mama? Maana kwake hujafika."

Huyu ndiye aliyekaa nami kwenye benchi la wodini. Mtu yuleyule, kitambaa kilekile cha kichwa. Laiti angekuwa mwovu! Mwovu unamchukia ukalala usingizi. Huyu nilitaka kumrukia na nilitaka aniambie yatakwisha, vyote viwili, na mwili wangu haukuwa na visanduku vya kutosha.

Nilimwambia, "Jumanne namkagua upya. Kishikwambi utakishika wewe."

Aprili 20, Jumamosi

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku akiosha vyombo. Kisha akasema, "Tangu Machi umemgombeza Kimya, umenigombeza mimi, umewagombeza wauza rangi. Huyo mmoja tu ulikuwa unampigia saluti."

Nilimrushia taulo. Lakini ni kweli.

Aprili 23, Jumanne

Alikuja.

Sikuamini mpaka nilipomwona anashuka bondeni, viatu mkononi, matope mpaka magotini, mvua ikimpiga kitambaa. Aliingia, akasalimia, akatafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti cha pili, akakaa ukingoni mwa kitanda, pale miguu ingekuwa.

"Huyu ni Mama Mratibu," nilimwambia Fundi Cherehani. "Ndiye anayepanga fomu."

"Karibu. Una mikono baridi," alisema, maana alikuwa ameshaupata mkono wake. "Endelea, nisomee."

Mama Mratibu alisoma. Haoni, akaweka. Hatembei, akaweka. Nikamwambia apande juu. Alipanda. Alikiona kisanduku kitupu, kwa macho yake, mbele ya mgonjwa mwenyewe. Nadhani mpaka siku ile alikuwa amekiona kwenye maneno tu.

"Imetoka?" aliuliza Fundi Cherehani.

"Imetoka," alisema Mama Mratibu.

"Nesi kaniambia sababu. Kwamba kwako mimi nina tatizo moja."

"Mama yangu, ilikuwa..."

"Subiri, sijamaliza. Mimi sibishani na wakubwa. Kama tatizo ni moja, basi na dawa ni moja. Nichagulie. Unirudishie macho au unirudishie miguu? Chochote utakachochagua, kile kingine nitakisahau, maana kumbe ni kilekile."

Binti alikuwa mlangoni na beseni. Mvua juu ya bati ilikuwa inasema peke yake.

"Sina watu," alisema Mama Mratibu hatimaye. Sauti yake ilikuwa imechanika. "Nina manesi watano. Sikuwa na watu wa kukuletea."

"Hayo ningeyaelewa," alisema Fundi Cherehani. "Mwanamke mzima anakuja, anasema sina watu. Ningemtuma binti yangu atafute mtu wa kumlipa, ningehamia kwa dada yangu, ningefanya lolote. Lakini niliambiwa nina alama kumi. Nikakaa nikifikiri, labda kweli sijaugua sana." Alilinyoosha shuka kwa kiganja. "Mwezi mzima nilijiona mdekaji."

Ninaandika hivi na hasira imenishika upya, kavu kabisa. Mguu umekatwa na daktari. Lakini hilo la kumfanya mtu ajione mdekaji kitandani mwake, hilo lilifanywa na tiki.

Mama Mratibu alilia. Fundi Cherehani hakumbembeleza. Alimwachia mkono wake, basi, akamwacha alie.

Aprili 24

Kimya katenganisha visanduku. Ilimchukua muda mfupi kuliko kula karanga. Jina moja likawa mawili.

Aprili 29, Jumatatu

Kikao. Manesi wote, Mama Mratibu, Kimya mwisho wa meza.

Fomu ilipohesabu ukweli, waliofika kumi na mbili walijaa ratiba ikafurika. Mama Mratibu aliweka orodha mezani, akasema, "Safari hii sitaamua peke yangu, wala sitaifanya mashine iamue kwa niaba yangu." Yeye mwenyewe, ambaye hajafunga kidonda miaka mingi, kachukua zamu mbili kwa wiki. Bado haikutosha. Mmoja wetu alisema tusipunguze mtu, tukimbie. Tukapanga ratiba ubaoni, tukaipanga tena, tukaunguruma, tukaitana majina. Mimi nilipiga kelele kuliko wote. Nilisema waandikiwe wakubwa, waje wawachague wao. Wameandikiwa, alisema Mama Mratibu, tutie saini sote. Tulitia. Lakini wakubwa hawatajibu wiki hii, na kesho kuna watu wanaosubiri kusafishwa.

Kikabaki kiwango. Kumi na mbili kiwe kumi na nne.

Kimya alinyoosha mkono. Tuligeuka wote kama vile kabati limesema. "Naomba kiandikwe ukurasa wa kwanza, juu kabisa," alisema. "Kwamba kimepandishwa kwa sababu hatuna watu. Na majina ya walioamua."

Mama Mratibu alimtazama. "Andika," alisema. "Anza na langu."

Halafu kura. Fundi Cherehani ana kumi na nne, amenusurika na panga hili. Nilitazama orodha upande wangu nione nani yuko kati. Alikuwapo mmoja tu, Dereva, mgonjwa wangu wa siku nyingi, mwenye kumi na mbili kamili. Aliendesha treni maisha yake yote, sasa upande mmoja umepooza, anaishi peke yake ghorofa ya juu. Sijawahi kumwandika humu hata mara moja kwa sababu hana visa. Mlango huwa wazi, shati limefungwa vifungo, hakuna malalamiko.

Niliinua mkono. Sote tuliinua.

Mei 2, Alhamisi

Jua. La kwanza tangu sijui lini. Ngazi za kwa Dereva zilikuwa kavu.

Nilikuwa na ruhusa ya kumpa habari kwa simu. Nilipanda.

Alikuwa ameketi dirishani, shati limefungwa vifungo. Nilimfanyia kila kitu kwanza, presha, mazoezi ya mkono, kucha. Kisha nikakaa mbele yake, nikamwambia kuanzia wiki ijayo nitakuja mara moja tu kwa wiki.

"Nimepata nafuu?" aliuliza.

"Hapana, baba. Hujapata nafuu. Hali yako ni ileile na unastahili mara tatu. Hatuna watu. Tulikaa Jumatatu tukaamua nani tumpunguze, na wewe ni mmoja wao."

"Mliamua kina nani?"

"Mratibu, manesi, na mimi. Mkono wangu niliinua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ule upole wake. Haukuja. Uso wake, ule upande unaoweza, ulikaza, na alianza kupiga kelele. Alisema hajawahi kunisumbua, hajawahi kuniita saa mbaya, na kumbe ndiyo malipo ya kutosumbua. Alisema aliendesha watu na watoto wao usiku na mchana na hajamwacha mtu kituoni hata mmoja, hata mlevi, hata asiye na tiketi. Alisema mimi ni mtoto asiye na haya. Aliligonga dirisha kwa mkono mzima mpaka likatikisika, akaniita jina ambalo sitaliandika, akaniuliza kwa nini yeye, kwa nini asiwe yule mwingine.

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na hesabu yote kichwani, ya visanduku, ya zamu, ya manesi watatu walioondoka. Sikuitoa. Mkoba niliuweka chini, nikasimama pale mbele yake, nikamsikiliza mpaka akamaliza.